Mnanaa unageuka kahawia, rosela inatoa povu: nakosea wapi?

Mama Pacha

Wapendwa, salaam. Joto limetukamata vibaya na nimeamua jambo moja nyumbani kwangu: soda haiingii tena mlangoni. Leo ni wiki ya tatu. Nina pacha wa miaka 6, na mama yangu mzazi anakaa nami. Wote watatu wanataka kitu cha baridi kila saa. Maji matupu watoto wanapiga mafunda mawili, wanakimbia.

Nimejaribu kuwatengenezea vinywaji vya majani na maua, na mpaka sasa nimeharibu zaidi ya nilivyofaulu.

Jumapili nilichemsha konzi nzima ya mnanaa kwa dakika 20 pamoja na vipande vya limau na maganda yake. Nilitegemea rangi ya kijani, nikapata maji ya kahawia yenye harufu ya nyasi zilizoanikwa. Mmoja wa pacha alionja, akarudisha gilasi mezani taratibu, akaniambia "asante mama, nimeshiba." Iliniuma, kwa sababu nilijua ananihurumia.

Jumanne ikawa zamu ya rosela. Kikombe kizima cha maua makavu kwa lita 2 za maji, kikachemka nusu saa huku mimi nafua. Nikatia vikombe viwili vya sukari sufuria ikiwa bado motoni, nikaiacha mezani ipoe mpaka jioni. Siku ya kwanza uchachu ulikuwa mzuri, ila ukakasi ulibaki kwenye ulimi na fizi muda mrefu. Siku ya nne nafungua jagi, linatoa povu na harufu kama ya pombe. Nikamwaga lote.

Naomba anayejua anipe vipimo: majani kiasi gani kwa lita, maji ya moto au ya baridi, muda gani, na nikitunze vipi. Sukari pia nataka niipunguze bila watoto kugoma. Na mama yangu anatumia vidonge vya presha, sijui kama kuna mmea ambao haumfai.

Fundi wa Majagi

Mama Pacha, pole kwa ile gilasi iliyorudishwa. Mimi napika vinywaji vya sherehe, huu ni mwaka wa 11, na hayo yote mawili yamewahi kunikuta, tena mbele ya wageni. Nitakueleza kwa urefu kidogo, maana ukijua sababu hutahitaji kukariri vipimo vya mtu.

Nianze na mnanaa. Harufu yake imo kwenye mafuta mepesi yaliyohifadhiwa katika vifuko vidogo sana juu ya jani, na mafuta hayo hupaa pamoja na mvuke. Ile nyumba yako kunukia vizuri Jumapili, ndiyo harufu yenyewe ilikuwa inaaga. Dakika 20 baadaye sufuriani kulibaki majani yasiyo na kitu. Rangi nayo ina kisa chake. Ukijani wa jani ni klorofili, na katikati ya klorofili kuna chembe ya magnesiamu. Moto ukishirikiana na asidi ya limau huing'oa chembe hiyo, na ukijani unachakaa kuelekea kahawia. Kwa hiyo limau na mnanaa usivikutanishe motoni. Vikutane kwenye gilasi, dakika ya mwisho.

Fanya hivi: konzi mbili za majani bila mashina magumu, kwa lita 1 ya maji safi ya kunywa. Osha vizuri, kisha yapigepige kati ya viganja mara mbili tatu mpaka usikie harufu. Usiyakatekate wala kuyatwanga, jani lililopondeka hugeuka jeusi upesi. Yazamishe kwenye maji, funika, weka kwenye friji usiku kucha. Saa 6 hadi 8 zinatosha, kisha chuja. Maji yatatoka karibu hayana rangi kabisa, na hapo wengi hukata tamaa wakidhani hayajakolea. Onja kwanza.

Watoto wakitaka ukijani wa kuonekana, chovya majani kwenye maji yanayotokota kwa sekunde 10 tu, yahamishie hapohapo kwenye maji ya barafu, halafu yasage na maji baridi na uchuje kwa kitambaa. Moto huo mfupi unakizuia kimeng'enya kinacholeta weusi, bila kuifukuza harufu yote. Ni kazi ya ziada, mimi huifanya kwa sherehe tu.

Maganda ya limau: uchungu mwingi uko kwenye ile sehemu nyeupe. Kamua maji yake, au paruza ganda la njano peke yake.

Sasa rosela. Gramu 20 za maua makavu kwa lita, yaani nusu kikombe hivi bila kushindilia. Yasuuze haraka kutoa mchanga. Kama una subira, yaloweke kwenye maji baridi ndani ya friji kwa muda wa saa 8 hadi 12. Kama huna, chemsha maji peke yake, zima moto, ndipo utie maua. Funika dakika 10, chuja, na usiyakamue makapi. Ukakasi ulioupata unatokana na tanini. Hutoka polepole, na kinachozitoa ni moto na muda, navyo ulizipa vyote viwili. Zikifika mdomoni hushikamana na protini za mate, ulimi unakosa utelezi wake, ndiyo ile hali ya fizi kukauka. Kinywaji kilicholowekwa baridi huwa na tanini kidogo, na kwa sababu hiyo hata sukari inayohitajika ni kidogo.

Rosela ina asidi kali, kwa hiyo tumia kioo au sufuria ya chuma kisichoshika kutu, alumini iache. Na ukiona wekundu umefifia ukaelekea zambarau, mara nyingi ni maji yako yana madini mengi. Kamulia limau, wekundu unarudi mbele ya macho yako. Pacha wako watapenda kukiona hicho.

Nimebakiza povu, na hapa ndipo ningependa usome mara mbili. Zile ni chachu za porini. Ziko hewani, ziko kwenye maua, na uchachu wa rosela hauzizuii. Wewe ukazipa vikombe viwili vya sukari na mezani penye joto mchana kutwa. Jagi langu mimi halitiwi sukari kamwe. Natengeneza shira pembeni: kikombe 1 cha sukari kwa kikombe 1 cha maji, sukari ikiyeyuka yote nazima, natia kijiti cha mdalasini au iliki mbili zilizopasuliwa, ikipoa inakaa kwenye chupa yake ndani ya friji. Kila mtu anatia kwenye gilasi yake. Kinywaji kinadumu zaidi, na wewe unaona kwa macho sukari kiasi gani inaingia kwa mtoto.

Kuhusu kuipunguza: ulimi hausikii utamu wa kitu cha baridi sana kama unavyousikia kikiwa vuguvugu. Ndiyo maana mtu anaonja jikoni anasema kimekolea, kikitoka kwenye friji anasema kimepwaya, anaongeza sukari. Onja kikiwa na ubaridi uleule kitakaonywewa nao. Anza na vijiko 2 vya chakula vya shira kwa gilasi kubwa, kisha kila baada ya siku tatu nne punguza nusu kijiko. Usiwatangazie.

Na barafu: inayeyuka, inazimua. Gandisha kinywaji chenyewe kwenye trei ya barafu, uweke vipande hivyo badala ya barafu ya maji.

Mzee wa Mchaichai

Fundi amesema vizuri sana, naomba nimwongezee kwa heshima, maana mtu akisoma haraka atadhani kila kitu kinalowekwa baridi. Mchaichai ukiuloweka baridi utapata maji yenye harufu ya mbali. Bua lake ni gumu, lina nyuzi, linataka moto.

Mabua 3 kwa lita. Kata ncha ya juu iliyokauka, kisha gonga sehemu nyeupe ya chini kwa mgongo wa kisu mpaka ipasuke. Kugonga huku usikuruke, ndiko kunakofungua njia. Moto mdogo, sufuria imefunikwa, dakika 10. Zima, acha humo dakika 15 nyingine bila kufunua, ndipo uchuje. Matone yaliyoganda kwenye mfuniko yarudishe sufuriani, yamebeba harufu. Harufu ya mchaichai inatokana na sitrali, ileile iliyomo kwenye ganda la limau, kwa hiyo vipande vichache vya limau ndani ya gilasi vinakubaliana nao kabisa.

Tangawizi ni hivyohivyo. Kipande cha ukubwa wa kidole gumba kwa lita, kimekatwa vipande vyembamba, dakika 15 motoni. Tumia mbichi. Ikikauka, sehemu ya jinjeroli yake, yaani kile kinachoipa ukali, hugeuka shogaoli, ambayo ni kali zaidi, kwa hiyo anayetia unga wa tangawizi kwa kipimo cha mbichi anaunguza koo za watoto. Hili nimelishuhudia kwa wajukuu wangu, na sikulirudia.

Mimi joto likizidi nachanganya nusu jagi la mchaichai na nusu jagi la mnanaa uliolowekwa, bila sukari. Sijapata kinachonifaa kuliko hicho.

Mkulima wa Makopo

Dada, kama una hata dirisha moja lenye mwanga, panda mnanaa wako. Kata tawi la urefu wa kidole, ondoa majani ya chini, lisimamishe kwenye gilasi ya maji. Ndani ya wiki moja au mbili utaona mizizi, hamishia kwenye kopo lenye matundu chini. Kopo lake peke yake, tafadhali, mizizi ya mnanaa hutambaa na kumeza jirani. Mwagilia udongo ukikauka juu. Vuna kwa kukata ncha, juu ya jozi ya majani, nao utachipua matawi mawili pale ulipokata moja. Ukianza kutoa maua, ladha ya majani huanza kushuka, kwa hiyo wahi.

Chuma asubuhi, kabla jua halijapata nguvu.

Kuna aina mbili utakazokutana nazo sana, na watu huzichanganya. Moja ina mentholi nyingi, ndiyo inayotoa ule ubaridi wa kupanda puani. Nyingine, yenye majani ya mikunjo na harufu tamu zaidi, ina mentholi kidogo sana, harufu yake inatoka kwenye kitu kiitwacho kavoni. Kwa watoto nashauri hii ya pili, ni pole.

Na jambo hili nalisema kwa uzito: usichume majani ya kando ya njia kwa kuwa tu yananukia. Hujui nini kimenyunyiziwa hapo, na mimea inafanana. Tumia ule unaoujua kwa jina na kwa sura.

Mama Pacha

Jamani, nimesoma huku macho yananilowa. Usiku huu naloweka. Ila kuna mtu aliniambia nisihangaike na moto wala friji, nijaze jagi maji na majani, nifunike, niliweke juani kutwa nzima, jua litapika lenyewe. Je, ni sawa?

Nesi Mstaafu

Mwanangu, hilo la jagi juani usilifanye. Maji ya jagi la juani hayafiki hata nyuzi 60. Yanapata joto la kutosha kuwastawisha bakteria waliokuja na majani, wala hayafiki joto la kuwaua. Majani kuwa makavu hakuna maana kwamba ni masafi. Ama maji yachemke kweli, ama majani yakae kwenye ubaridi wa friji, nyuzi 4 au chini yake. Hapo katikati ndipo maradhi ya tumbo yanapoanzia.

Kwa sababu hiyohiyo, sufuria isikae mezani mpaka jioni. Muda wa saa 2 ni mwisho, na hewa ikizidi nyuzi 32, muda wa saa 1. Unataka ipoe upesi? Isimamishe ndani ya beseni la maji ya barafu, koroga, badilisha maji yakipata joto. Dakika chache tu unaihamishia kwenye friji. Kilicho kwenye jagi kinyweni ndani ya siku 2, zikizidi sana 3, na jagi lioshwe kwa maji moto na sabuni kabla ya kujazwa tena. Mfuniko pia, ule mpira wake utoe uuoshe.

Mama yako. Rosela imefanyiwa majaribio kwa watu, na imeonekana kushusha presha kwa kiasi. Ni habari njema kwa asiyetumia dawa. Kwa anayetumia vidonge, viwili hivyo vinaweza kuongezana akashuka kupita inavyotakiwa, akasimama akaona kizunguzungu. Asiache dawa kwa ajili ya kinywaji, na asifanye rosela kuwa ya kila siku kabla hajamuuliza daktari wake. Mzizi wa likorisi, ambao watu hutia kwenye vinywaji kwa utamu wake, huo asiuguse: unapandisha presha na kushusha potasiamu mwilini. Na kama yuko mjamzito nyumbani, rosela aiache mpaka aongee na mkunga wake.

Kwa wengine wanaosoma hapa wenye wachanga: asali haipewi mtoto aliye chini ya mwaka 1, hata tone.

Kuna kitu kimoja kuhusu mnanaa ambacho nimekifundisha kwa akina mama miaka mingi. Ubaridi wa mentholi hauna uhusiano na joto la mwili kushuka. Mentholi inakigusa kipokezi kwenye neva, kinaitwa TRPM8, ambacho kazi yake ni kuuambia ubongo kuna baridi. David Julius na Ardem Patapoutian, kila mmoja kwa upande wake, walikitambua kwa kutumia mentholi hiyohiyo, na mwaka 2021 wakapewa Tuzo ya Nobel ya tiba kwa kazi yao ya vipokezi vya joto na mguso. Nalisema hili kwa sababu mtoto aliyecheza juani sana anaweza kunywa mnanaa akasema amepoa huku mwili wake bado unawaka. Mtoe juani, mlegeze nguo, mpepee, mpanguse kwa maji. Akiwa amechanganyikiwa, au ngozi inaunguza, au ameanguka, ni hospitali, usisubiri jagi.

Na mtoto anayeharisha au kutapika, vinywaji hivi vyote weka kando. Lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko cha chai cha chumvi. Usikadirie kwa macho, chumvi ikizidi inadhuru.

Mama Pacha

Shikamoo mama, nimekuelewa, na jagi la juani nimelifuta kichwani.

Leo ni siku ya tano tangu niulize, naleta majibu. Mnanaa niliuloweka kwa muda wa saa 8, ulitoka mweupe kama maji na nilitaka kuumwaga, nikakumbuka "onja kwanza." Haufanani na ule wa Jumapili hata kidogo. Ni msafi, unapanda puani, limau nimekamulia kwenye gilasi.

Rosela ya baridi niliifanya kwa gramu 20 nikitumia mizani ya keki. Ukakasi umeisha karibu wote. Wekundu wake ulikuwa umelala kidogo, nikawaita pacha, nikawapa kila mmoja kipande cha limau akamulie. Walipiga kelele mpaka bibi yao akaja kuangalia. Shira niko kwenye kijiko 1 na nusu na hakuna aliyeuliza.

Mama hanywi rosela kwa sasa, kliniki yake ni wiki ijayo na nimeliandika swali kwenye karatasi yake ya dawa. Anakunywa mchaichai wa baridi, anasema harufu yake inamrudisha mbali, na jana alimaliza jagi dogo peke yake. Mzee wa Mchaichai, ile ya kugonga kwa mgongo wa kisu nakushukuru. Mara ya kwanza niliiruka kwa haraka zangu na tofauti niliiona.

Yule aliyesema ameshiba aliomba gilasi ya pili, akaishika kwa mikono miwili.

Swali dogo la mwisho: nimepata mbegu za mrehani, nimeambiwa zinatiwa kwenye vinywaji. Zinatiwa kavu?

Mkulima wa Makopo

Hapana, kavu usitie, hasa kwa watoto, zinaweza kuvimba zikiwa kooni. Kijiko 1 cha chai kwenye kikombe 1 cha maji, koroga zisishikamane, subiri dakika 15. Kila mbegu itavaa koti la ute, nyeusi katikati na mawingu pembeni. Ukiona bado kuna iliyo kavu, ongeza maji usubiri tena. Halafu zitie kwenye rosela, vijiko 2 vya chakula kwa gilasi, na uwape kijiko kirefu, zinapenda kubaki chini.